Si kila saa seva imekufa

Mhariri,

Naomba kanafasi niongelee hii maneno ya "sistimu iko daun, rudini kesho" tunayoambiwa kila saa kwa maofisi hapa Kisumu. Juzi tulikuwa kwa laini ofisi moja tauni tangu asubuhi, kuna mama ametoka Ahero na mtoto mgongoni, mzee mwingine wa Seme, na mimi nikichungulia skrini ya yule kijana wa dirishani naona namba ya kosa, ORA-12154. Sasa mimi databesi za Oracle ndio kazi yangu, na hiyo namba haisemi seva imekufa, inasema hiyo kompyuta imepewa jina la databesi na haijui ni nani, yaani hata haijaanza safari ya kwenda kwa seva.

Hayo majina hukaa kwa faili inaitwa tnsnames.ora, ni kama kontakti za simu tu. Unaandika jina, halafu seva iko wapi, poti, yaani mlango wa kuingilia seva (mara nyingi 1521), na servisi, yaani jina la databesi unayotaka huko ndani. Faili ni ndogo lakini ina madharau! Sahau mabano moja, inakataa. Iseivu na Notepad bila kuangalia, inakuwa tnsnames.ora.txt, na wewe kwa macho unaona iko sawa kabisa kwa sababu Windows imekuficha hiyo txt.

Ingekuwa kosa la 12541 hapo ningeelewa, hiyo ni lisna (programu ya kwa seva inayopokea wanaotafuta databesi) haiko kwa hiyo poti. Nayo 12514 lisna iko ila hiyo servisi haijulikani kwake, na kama databesi imewashwa saa hii ngojeni kama dakika moja ijiandikishe kwa lisna kabla hamjafukuza watu. Na tafadhali msitegemee tnsping (komandi ya kujaribu kama seva inajibu) peke yake, ikisema OK ni lisna imejibu, databesi yenyewe inaweza kuwa imelala.

Mafundi wetu, mbona mnakopi hii faili kwa kila kompyuta halafu mnaweka namba ya IP (anwani ya seva kwa netiweki) ndani? Siku seva inahamishwa mnaanza kuzunguka meza kwa meza na moja lazima isahaulike. Wekeni jina la seva badala ya IP, faili iwe moja kwa folda ya netiweki, na TNS_ADMIN (seting inayoambia mashine faili iko folda gani) ya kila mashine ielekezwe hapo, basi.

Na nyinyi wa dirishani, kabla mseme rudini kesho pigeni picha hiyo namba mtumie mtu wa IT, 12154 si kitu ya kulaza mtu tauni.

Mtunza databesi,
Kisumu