Mpira wa kuzibulia choo nao uoshwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kifaa ambacho watu huona haya kukitaja: ule mpira wenye mpini wa kuzibulia choo. Nimefanya kazi ya usafi kwa miaka 23, mingi kati ya hiyo katika bweni lenye vyoo 14 kwenye korido moja, na kwa muda mrefu nilifundishwa kuosha kila kitu isipokuwa huo mpira. Dekio lilikuwa na ndoo yake. Brashi ya choo ilikuwa na kikopo chake. Vitambaa vilitengwa: chekundu cha chooni, cha buluu cha masinki ya kunawia. Mpira wenyewe tuliusimamisha nyuma ya mlango wa stoo, ukichuruzika maji, hadi choo kingine kizibe.

Nilifumbuliwa macho na wiki moja ya kuhara pale bwenini. Alianza mwanafunzi mmoja usiku, akihara na kutapika, na choo alichotumia kikaziba kwa wingi wa karatasi. Niliitwa nikakizibua. Asubuhi kikaziba kingine, mwisho kabisa wa korido, nikaubeba mpira uleule huku maji yakidondoka sakafuni njia nzima, na wanafunzi wakipita peku kutoka kuoga. Siku ya tatu nikaugua na mimi, na kabla wiki haijaisha korido nzima ilikuwa na wagonjwa. Siwezi kuapa kwamba ni mpira ule ulioueneza ugonjwa, maana kuhara kuna njia nyingi za kusambaa. Lakini nesi aliyekuja kukagua vyoo aliunyooshea kidole akaniuliza, "Mama, hiki mnakiosha na nini?" Nilikosa la kumjibu. Swali lile sijalisahau mpaka leo.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba virusi vinavyoleta kuhara na kutapika kwa ghafla, viitwavyo noro, vinaweza kukaa juu ya vitu kwa siku kadhaa vikiwa bado hai, na kwamba chembe chache mno, hata zisizofika 100, zinatosha kumwangusha mtu mzima. Kuna na wadudu wa kuhara damu, kuna na homa ya ini aina ya A. Vyote hivi hutoka na kinyesi, na mpira wa kuzibulia ndicho kifaa kinachozamishwa humo chote, kisha kikatolewa na kutembezwa.

Sasa kosa ninaloliona hata kwa watu wasafi kwelikweli ni hili: mtu anamaliza kuzibua, anamiminia mpira dawa ya klorini, anausuuza kidogo na kuurudisha. Anaamini kazi imekwisha. Klorini haifanyi kazi hivyo. Ikikuta kinyesi au utando wa uchafu, inamalizia nguvu zake hapo hapo kwenye uchafu, na vimelea vilivyojificha chini yake vinabaki salama. Tena vipo ambavyo klorini ya nyumbani haiviwezi hata mpira ukiwa safi. Mayai ya minyoo mikubwa ya tumboni yana ganda gumu linaloikataa dawa. Dawa ya mayai hayo ni kuyasugua yatoke. Kwa hiyo sabuni kwanza, klorini baadaye. Mwenye kuruka sabuni ameharibu dawa yake bure.

Mimi hufanya hivi. Choo kikishazibuka navuta maji, halafu nausuuza mpira ndani ya maji safi ya choo hichohicho, ukiwa bado humo, ili uchafu mkubwa ubaki chooni usidondoke sakafuni. Kisha nauweka kwenye ndoo yenye maji na sabuni, ndoo ya kazi hiyo peke yake, nausugua kwa brashi ndani na nje. Ndani ndiko kwenye shida. Mpira wa choo cha kukaa una shingo ya ziada inayoingia kwenye tundu, na kati ya shingo ile na ukingo kuna mfereji unaobakisha uchafu na karatasi. Ukiusugua kwa nje tu utauona unang'aa ilhali umebeba kila kitu tumboni. Maji machafu nayamwaga chooni, kamwe si kwenye sinki la kunawia, na mpira nausuuza kwa maji safi.

Baada ya hapo ndipo klorini. Ile ya chupa yenye nguvu ya asilimia 5 hivi, mililita 20 katika lita 1 ya maji zinatosha kwa siku za kawaida. Kukiwa na mgonjwa wa kuhara au kutapika, naongeza: sehemu 1 ya klorini kwa sehemu 9 za maji. Maji yawe ya baridi, kwa sababu ya moto huipunguzia klorini nguvu. Mchanganyiko ni wa siku hiyo hiyo; wa jana naumwaga. Mpira unazama wote kwa dakika 10, na hapa nawasihi wenzangu waangalie saa, maana dakika 10 za kukisia huwa ni mbili. Lakini usiulaze humo usiku kucha ukidhani unauzidishia usafi. Klorini huula mpira, unapasuka vijinyufa, na kila ufa ni nyumba mpya ya uchafu. Mpira uliopasuka au kuanza kunata ni wa kutupwa.

Mpini nao tunausahau, na ndio tunaoushika! Nauosha kwa sabuni na kuupangusa kwa kitambaa chenye klorini ileile, kutoka juu kwenda chini, nikihakikisha unabaki umelowa kwa dakika hizo hizo. Mpini wa mti usiopakwa rangi hunyonya maji machafu, ndiyo maana wa plastiki ninaupenda zaidi.

Ndugu Mhariri, jambo ambalo ningependa kila msomaji alikariri ni hili la kuchanganya dawa. Zipo dawa za kung'arishia choo zenye tindikali. Ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu. Klorini na dawa yenye amonia nayo hutoa gesi mbaya. Mwenzangu alimwaga klorini kwenye choo kilichokuwa kimelowekwa dawa ya tindikali, mlango umefungwa, akatoka akikohoa na kushika kifua, na alipumua kwa shida hadi jioni. Basi ukitaka kuutakasa mpira ndani ya choo chenyewe, hakikisha kwanza hakina dawa nyingine, na fungua dirisha. Na choo kilichomwagiwa dawa kali ya kuyeyushia vizuizi kisipigwe mpira kabisa, maana dawa ile hurukia macho.

Klorini ikishatimiza muda wake nausuuza mpira tena, naukung'uta juu ya choo na kuuning'iniza mdomo ukiwa chini, mahali penye hewa, juani kama lipo. Kuufungia kwenye ndoo ukiwa umelowa ni kuurudishia ule unyevunyevu ambao vimelea vinaupenda. Glavu nazivua mwisho, nanawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vile vitakasa mikono vya spiriti havitegemewi kwa virusi vya noro, kwa hiyo mwenye kuvitegemea baada ya kuzibua choo anajidanganya.

Yote haya hayazidi robo saa, na muda mwingi ni wa kusubiri. Kinachotukwamisha sisi wafanya usafi ni kwamba hatupewi robo saa hiyo wala vifaa. Mahali nilipokuwa, msimamizi alikubali mipira miwili tu baada ya mimi kuugua: mmoja wa vyoo, wenye mkanda mwekundu kwenye mpini, na mwingine wa masinki, ule bapa usio na shingo. Kabla ya hapo palikuwa na mmoja wa kote, na sinki ambalo mtu amepigia mswaki lilizibuliwa kwa mpira uliotoka chooni. Naamini bado pako mahali pengi panapofanyika hivyo leo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasimamizi wa mabweni, ofisi, hospitali na nyumba za wageni ni dogo. Mkishalisoma gazeti hili, nendeni stoo mkautazame mpira wenu ulivyo, kisha muulizeni anayeutumia swali aliloniuliza nesi. Na asipokuwa na jibu msimkaripie. Mpeni ndoo, brashi, glavu na klorini.

Ni mimi msomaji wako,
Mama mfanya usafi