Kupima kaboni Jumamosi: saa imebadilika

Habari zenu wapendwa, natumai wiki inawaendea poa. Jumamosi tunakutana Nyayo Gardens hapa Nakuru kupima kaboni iliyo kwa miti na udongo, ila sasa ni saa mbili kamili asubuhi, si saa nne, juu siku hizi mvua inatukamata mchana na udongo ukilowa kufanya nao kazi ni shida.

1. Kundi la miti: leteni tepu ya fundi nguo. Tunaizungushia shina mita 1.3 kutoka chini, na mti ukiwa kwa mteremko pima ukisimama upande wa juu. Andika pia ni mti gani, maana jakaranda na mkalitusi haziwezi kuwa na uzito sawa hata zikitoshana unene. Unene ndio tunatumia kukadiria uzito, na karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, so ukikosea sentimita chache hapo hesabu yote inaharibika.

2. Kundi la udongo: jembe, nyundo na kile kipande cha paipu ya chuma cha kutolea sampuli. Tunachimba hadi sentimita 30, na tafadhali msishindilie udongo ndani ya paipu, tunataka uzito wake vile ulivyo. Bahasha za kaki ninazo.

Mchango ni 200 ya chai na kukausha sampuli, tumeni kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Naomba kila mtu aandike hapa NAKUJA au SITAWEZA leo jioni, pamoja na kundi lako, ndio nipange watu wawili wawili. Asanteni sana.