Maandalizi ya mjadala wa filamu ya Jumamosi

Ndugu wanakikundi, salaam.

Filamu tutakayoijadili ni Angst essen Seele auf (yaani “Hofu hula roho”), iliyoongozwa na Rainer Werner Fassbinder huko Ujerumani Magharibi mwaka 1974, inayomhusu Emmi, mjane mzee mfanya usafi, na Ali, mfanyakazi mhamiaji kutoka Morocco, ambao ndoa yao inawachukiza majirani na hata watoto wa Emmi.

Naomba tusiishie kuhesabu wahamiaji wangapi wanaonekana, maana kwa hesabu hiyo filamu hii itaonekana upesi mno kuwa imewawakilisha vizuri. Tuangalie nani anapewa nafasi ya kujieleza: Ali anazungumza Kijerumani cha kuokoteza, na hata jina hilo ni la kuitwa tu na watu, kwani jina lake kamili ni refu zaidi. Mtazameni pia Emmi anapowaruhusu wenzake wa kazini wampapase Ali misuli, na anaposhirikiana nao kumtenga mfanyakazi mpya kutoka Yugoslavia, palepale ngazini alipotengwa Emmi mwenyewe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mwongozaji anapokuwa mkweli kuliko popote.

Atakayeshindwa kufika atume hoja zake hapa kabla ya Ijumaa jioni.