Watunzi wa opera nao watajwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu opera za lugha mbili imewasifu waimbaji tu. Watunzi hawakupewa hata mstari mmoja. Inaniuma.

Chukueni *Cruzar la Cara de la Luna*, iliyozinduliwa Houston, Marekani, mwaka 2010. Muziki ni wa José “Pepe” Martínez, aliyekuwa kiongozi wa Mariachi Vargas de Tecalitlán, bendi ya muziki wa kienyeji wa Meksiko uitwao mariachi. Hadithi ni ya Leonard Foglia, ambaye pia aliiongoza jukwaani. Mzee Laurentino, mhamiaji kutoka Meksiko, yu mahututi, na familia yake imegawanyika pande mbili za mpaka. Ndiyo maana Kihispania na Kiingereza vinapokezana. Wapiga tarumbeta, fidla na magitaa hawafichwi. Wanapiga palepale jukwaani.

Bila Martínez na Foglia kuunganisha nguvu, kazi hiyo isingekuwapo. Tafadhali, safari ijayo andikeni majina yao.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam