Kahawa haikuanza na mbuzi wa Kaldi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila kahawa ikitajwa gazetini, lazima aletwe Kaldi, yule mchungaji wa Uhabeshi ambaye mbuzi wake walikula matunda mekundu wakarukaruka. Safari hii, katika makala yenu ya kahawa, mmeandika kabisa kwamba "historia inasema" ilianza hivyo.

Historia haisemi hivyo. Kisa cha mchungaji tunakikuta kwa msomi Antoine Faustus Nairon, katika kitabu kilichochapwa Roma mwaka 1671, wakati watu wameshakunywa kahawa karne mbili. Na hata yeye hakumtaja Kaldi. Mchungaji wake alikuwa Yemen, na wanyama wenyewe labda ngamia, labda mbuzi!

Mti ni wa Ethiopia, hilo halina ubishi. Asili ya arabika, aina mojawapo ya kahawa, ni misitu ya kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Kinywaji ni habari nyingine. Ushahidi wa kuaminika unaanzia Yemen, katikati ya karne ya 15, kwa masufi, Waislamu wa tarika, waliotaka kukesha kwenye dhikri. Walipoifikisha Cairo, Wayemeni wa Al-Azhar waliinywa usiku wa kuamkia Jumatatu na Ijumaa: mtungi mkubwa wa udongo mwekundu katikati, kiongozi anachota kwa kata ndogo, anaanza na wa kuliani kwake, uradi unaendelea. Mwaka 1511 huko Makka, Kha'ir Beg, msimamizi wa masoko na maadili, aliwafuma wanywaji usiku karibu na msikiti. Akaita mafakihi na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku, ikachomwa moto barabarani. Marufuku haikudumu, maana wakubwa wa Cairo hawakuiunga mkono. (Wao wenyewe walikuwa wanywaji, nadhani hapo ndipo penye siri.)

Hapa Ujiji jambo hili halihitaji profesa. Jioni muuzaji anapita na birika lake juu ya makaa, anagonganisha vikombe vidogo visivyo na mkono, wazee wanaacha bao kwanza. Kahawa chungu, kashata ya karanga, maneno. Mtindo huu ni wa Pwani, na Ujiji ni mji wa misafara ya Pwani. Wamisionari wana sifa yao, ya kupanda arabika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, lakini hawakutufundisha kukaa barazani.

Wahaya nao mmewaruka kabisa. Kabla ya Mjerumani kufika, walikuwa wanachemsha matunda ya robusta, aina nyingine ya kahawa, pamoja na majani ya kunukia, wanayakausha, kisha wanatafuna na kumkaribisha mgeni. Buni mbili za tunda moja zilitumika katika kuchanjiana undugu.

Mkoa wetu wenyewe unalima arabika, Kalinzi na Manyovu, na watoto wa wakulima hao wanasoma gazeti lako. Mkiandika tena, anzeni Yemen. Nafasi ikibaki ukurasani, waulizeni wazee wa Bukoba kabla ya kumrudia Kaldi.

Mnywaji wa kahawa,
Ujiji, Kigoma