Shangazi, vitabu vya Bibi visipatwe na masika

Leeds, Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Poleni tena na msiba, na asante kwa kuwapokea wageni siku zote hizi. Umeuliza maboksi ya Bibi yafanywe nini kabla ya hitma ya arobaini. Kwanza, usimpe mtu hata kitabu kimoja. Chumba cha nyuma pale Magomeni hakipati jua, na ukungu ukianza ndani ya boksi lililofungwa hujulikana kwa harufu, wakati umeshaenea.

Anza na rejesta ya maktaba ya shule aliyoitunza Bibi, lile daftari kubwa la jalada gumu ambalo shule ilimwachia ilipofungua jipya. Kila kitabu kilichoingia maktabani kina mstari wake: tarehe, namba, mwandishi, jina, mchapishaji, bei, kilikotoka, na safu ya mwisho ya maelezo. Namba ikishatolewa haipewi kitabu kingine, na mstari haufutwi hata kitabu kikipotea. Soma safu ile ya maelezo, ndiko Bibi aliko: "kimeliwa na mchwa", "baba yake amelipa nusu", "hakijarudi, mtoto amehamia Tanga". Piga picha kurasa zote mchana karibu na dirisha, bila fleshi. Uti wa daftari umelegea, kwa hiyo weka taulo lililokunjwa chini ya kila jalada, usililazimishe kulala bapa.

Kisha tenga vitabu: vizima, vyenye ukungu, vyenye wadudu. Vya ukungu vitolewe uani, aliyevishika avae barakoa. Visimamishe kivulini kurasa zikiwa zimeachana, upepo wa kaskazi uvikaushe, halafu ufute vumbi la ukungu kwa brashi laini ya rangi. Kitambaa chenye maji kinausukuma ukungu ndani ya karatasi. Jua kali nalo linapinda majalada na kufifisha wino.

Vyenye wadudu viingie friza. Kila kitabu kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, hewa ikaminywe nje, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka friza ikayeyuka, hesabu upya. Ukivitoa, acha mifuko imefungwa siku nzima, ili unyevu utue juu ya plastiki badala ya karatasi.

Kwa kurasa zilizochanika, selotepu hapana, Shangazi, hata kama mtu atakuja nayo kwa nia njema. Gundi yake inageuka njano, inapenya kurasani, kisha plastiki inabanduka na doa linabaki. Bibi alipika gundi yake mwenyewe: kijiko kimoja cha kornflawa kwa vijiko vitano vya maji. Koroga kwanza ikiwa baridi, weka moto mdogo, endelea kukoroga mpaka iwe nzito na iache weupe wa maziwa. Ipoe, ichujwe, ikae kwenye friji siku mbili tu. Ikiwa majimaji, ukurasa utajikunja. Karatasi ya kiraka iwe nyembamba, ichanwe kwa mkono, kwa sababu nyuzi za ukingo uliochanwa hushika vizuri kuliko ukingo wa mkasi. Weka karatasi ya kuokea pande zote mbili za ukurasa, funga kitabu, kilale chini ya tofali lililoviringishwa kanga mpaka asubuhi.

Mifuko ya kadi na namba za mgongoni zisibanduliwe. Ni mpango wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za mada, ule ule wa Maktaba Kuu ya Taifa aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967: 967.8 ni historia ya Tanzania, 896.392 ni fasihi ya Kiswahili. Hadithi za kimapokeo ni 398.2, mbali na fasihi, na kwa utaratibu zingekaa katikati ya rafu. Bibi aliziweka rafu ya chini kabisa, karibu na mlango, mkono wa mtoto wa darasa la kwanza ufike. Namba aliiacha kama ilivyo, akahamisha rafu tu, na nadhani alikuwa sahihi kuliko kitabu cha mpango.

Baada ya hapo linganisha maboksi na rejesta. Visivyo na muhuri wa shule ni vyake, mtagawana. Vyenye muhuri ni vya shule, na vingi katika hivyo ni vile vilivyoandikwa "hakijarudi". Watoto wale walikua, wakavirudisha kwa Bibi nyumbani, na yeye alikuwa ameshastaafu, rejesta ipo kabatini. Tafuta mstari wa kila kimoja, uandike kwenye maelezo, kwa penseli na si kalamu: "kimerudi", na tarehe ya siku hiyo. Kisha vipelekwe shuleni pamoja na orodha ya namba zake.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao