Ngamia wa Australia wafunzwe mbio, wasiishie kupigwa risasi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kule jangwani Australia kuna mbio za ngamia kila Julai, Boulia huko Queensland na pia Alice Springs, na baadhi ya wale ngamia wametolewa porini kabisa, ni uzao wa waliopelekwa karne ya 19 kubeba mizigo halafu malori yalipoingia miaka ya 1920 wakaachiwa tu. Wakufunzi wao nawavulia kofia. Ngamia wa porini humlazimishi, unamzoesha sauti yako, kamba, hatamu, kupiga magoti ukimwambia, ndo baadaye sana unapanda. Pale Alice Springs mbio zinaanza ngamia wakiwa wamekaa chini, anainua miguu ya nyuma kwanza, joki asiposhika vizuri anarushwa mbele, na asiyefunzwa vizuri utamjua hapohapo, anageuka katikati ya mbio anarudi alikotoka!

Kinachoniuma, kati ya 2009 na 2013 waliondolewa ngamia kama 160,000, wengi kwa risasi kutoka kwenye helikopta. Najua wanaharibu visima na mabomba, na mbio peke yake haziwezi kuwachukua wote, lakini jamani wanaokamatika wakamatwe, na wakufunzi wapewe hela ya kazi hiyo kabla helikopta haijaruka.

Msomaji wenu, mpenda wanyama